Chokaa kwanza, zege baadaye: mchezo wa wanafunzi kwenye bustani ya mji

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nalea klabu ya ufundi yenye wanafunzi 24, kidato cha pili na cha tatu. Tumepewa kona ya bustani ya wazi karibu na bahari, kama mita 10 kwa 12, tujenge mchezo wa burudani utakaotumiwa na watu wote. Klabu imegawanyika. Nusu wamebuni mchezo wao wenyewe, wameuita Mbio za Mashua: njia ya hatua 40 inayochorwa chini, wachezaji wenyewe ndio kete, gurudumu la baiskeli lililosimikwa kwenye nguzo linazungushwa kutoa namba, na mwisho wa njia kuna mashua ya mbao ya kupanda. Nusu nyingine wanataka meza ya bao ya zege. Fedha ni kidogo na muda ni muhula mmoja. Tujenge upi, na tujenge vipi udumu?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nimeutazama mchoro wa Mbio za Mashua mara tatu, na mara zote nimecheka kwa furaha. Hao vijana wameweka pepo za kusi zisukume mashua mbele kutoka Tanga kwenda Mombasa, na kaskazi iirudishe nyuma. Nahodha yeyote wa pwani hii atawapa alama zote. Kwa hiyo usiwaambie waliobuni mchezo kwamba wameshindwa na wenzao wa bao. Jengeni yote miwili, ila kwa zamu, na zamu zenyewe ndizo jibu langu: kwanza chokaa, kisha zege.

Maana yake ni hii. Zege halisamehe. Ukikosea ukamwaga, kosa lako litakaa hapo mpaka wajukuu wa wanafunzi wako waje walikalie. Chokaa kinafutika na mvua moja, na kwa kazi yenu hiyo ni sifa kubwa. Ndoo moja ya chokaa na ufagio wa chelewa vinatosha kuchora Mbio za Mashua zima Jumamosi asubuhi, kuuchezesha mpaka jioni, na Jumamosi ya pili kuuchora upya umebadilika. Fanyeni hivyo wiki nne kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji.

Ila kabla hata ya chokaa, wape wanafunzi kazi moja ambayo wataiona ya kivivu: wakakae. Wawili wawili, daftari mkononi, asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi, siku ya kazi na Jumapili. Waandike nani anakuja, anakaa wapi, anafuata kivuli gani, anaondoka kwa sababu gani. Mimi nilipokuwa kijana nilidhani bustani ni eneo tupu linalosubiri niliwekee kitu. Si kweli. Kona mliyopewa ina wenyewe. Pengine kuna muuza kahawa anayepita na birika lake kila alasiri, kuna watoto wa msingi wanaokatiza wakitoka shule, kuna mama anayesubiri daladala na mtoto mgongoni. Hao ndio watakaolinda kazi yenu au kuivunja. Watazame pia wasichana wa klabu yako wanaandika nini. Meza ya bao ikiwekwa kwenye kona iliyofichika itakuwa baraza la wanaume kufikia wiki ya pili, na binti wa kidato cha pili hatathubutu kuisogelea hata kama ni yeye aliyekoroga zege lake. Ikiwekwa kando ya njia kuu, mbele ya macho ya wapita njia, kila mtu hupata ujasiri wa kusimama akatazama, na bao hujifunzwa kwa kutazama.

Kuhusu kivuli, tazameni ni mti gani. Mwarobaini ni rafiki. Mwembe ni rafiki wa miezi kadhaa, halafu maembe yanaanza kuwadondokea watu vichwani na nzi wanafuata. Mkungu una kivuli kizuri kuliko yote, lakini makungu yake yanachafua na mizizi yake inainua kila kilichotandazwa chini. Kama ni mkungu, kaeni mbali kidogo na shina.

Sasa tuje kwenye Mbio za Mashua, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Gurudumu la baiskeli litoeni. Najua ni zuri, najua Tanga na baiskeli ni pete na kidole. Lakini kitu chochote kinachozunguka bustanini kina maadui watatu. Wa kwanza ni kidole cha mtoto, ambacho kitaingia kwenye spoki siku ya kwanza. Wa pili ni chumvi ya bahari, ambayo italishika beringi kabla ya masika kuisha. Wa tatu ni mnunuzi wa chuma chakavu. Wanafunzi watakwambia watalifunga kwa bolti na kulichomelea. Waulize nani atakuja na kopo la grisi wakiwa wameshamaliza shule.

Badala ya gurudumu, tumieni vizibo vya soda. Vizibo vinne. Mchezaji anavitikisa kwenye viganja, anavirusha chini, anahesabu vilivyolala mdomo juu: sifuri, moja, mbili, tatu au nne. Hiyo ndiyo idadi ya hatua zake. Vizibo vikipotea, kioski cha jirani kina vingine bure. Sasa mwalimu wa hisabati ana kazi nzuri: kama kizibo kingekuwa na uwezekano sawa wa kulala huku au huku, kuna namna 16 za vizibo vinne kuanguka. Namna moja tu inatoa sifuri, moja tu inatoa nne, nne zinatoa moja, nne zinatoa tatu, na sita zinatoa mbili. Wastani ni hatua mbili kwa mrusho. Lakini kizibo si sarafu, kina mdomo na mgongo, na namna kinavyodunda kwenye zege si sawa na kwenye mchanga. Hivyo kila mwanafunzi arushe kizibo mara 100 aandike. Darasa zima litakuwa na mirusho 2,400, na mtajua kizibo chenu cha Tanga kina tabia gani. Hakuna kitabu kitakachowapa hiyo namba.

Wastani wa mbili ndio unaoniambia kwamba njia ya hatua 40 ni ndefu mno. Fanya hesabu: hatua 40 ni kama mirusho 20 kwa kila mchezaji. Wachezaji wanne, mirusho 80. Ukiongeza kuokota vizibo, kubishana kidogo na kutembea, kila mrusho unakula sekunde 15. Hizo ni dakika 20 za kusimama juani ukisubiri zamu yako. Mtoto wa miaka tisa ataondoka dakika ya sita. Kwa hatua 24 mnapata kama dakika 12, na 24 ndiyo idadi ya wanafunzi wako. Kila mmoja atengeneze hatua yake.

Jambo la pili: mchezo wa bahati tupu unawachosha wakubwa. Ongezeni uamuzi mmoja tu. Kwa mfano, aliyerusha achague: ama asogee yeye hatua zake zote, ama abaki alipo na kumrudisha mwenzake nusu yake. Hapo utaona kelele zinaanza. Mchezo usio na ubishi bustanini hauna watazamaji, na mchezo usio na watazamaji hauna wachezaji wa kesho.

Mashua ya mbao ya kupanda mwishoni, hapana. Au iwe chini ya nusu mita. Kitu cha kupanda kinabadilisha kazi yenu yote. Mtoto akianguka kutoka juu ya sentimita 60, viwango vya Ulaya vya viwanja vya watoto vinataka sakafu laini chini yake, mchanga mwingi au mpira, na mchanga huo lazima uchekechwe na kujazwa tena kila mara. Kisha kuna suala la mapengo: uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 unaweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto na kunasa kichwa. Mbao za mashua zimejaa mapengo ya namna hiyo. Mashua ichorwe kwenye bamba la mwisho, tena ichorwe vizuri, na watoto wataipanda kwa fikra zao. Hilo wanaliweza kuliko sisi.

Mkichezesha kwa chokaa, sharti moja: wabunifu wafunge midomo. Wakamate wapita njia wanne, wawape vizibo na maelezo ya sentensi mbili, kisha wakae pembeni. Ni mateso makubwa kwa kijana kuona mtu anaucheza mchezo wake vibaya bila kumsahihisha. Lakini bustanini hatakuwepo wa kusahihisha. Mahali ambapo watu watatu tofauti wamekwama palepale, hapo kosa ni la mchezo. Badilisheni jambo moja tu kwa wiki, vinginevyo hamtajua ni lipi lililoponya. Mwishoni kanuni zisizidi tano, na mbili kati ya hizo ziwe picha.

Zikishatulia, kila mwanafunzi amwage bamba lake: sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5. Bamba hilo lina uzito wa kilo 19 hivi, wanafunzi wawili wanalibeba bila kuumizana. Michoro msiipake rangi juu. Rangi juu ya zege linalokanyagwa haimalizi mwaka. Chorea ndani ya zege bichi kwa msumari, au bandikeni vipande vya vigae vilivyovunjika. Mabamba yakae sawa na ardhi, yasichomoze hata kidole kimoja, maana kikongwe hatazami chini anapotembea.

Basi, bao. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono, na kwa sababu meza ya bao ya zege ina mitego ambayo huioni mpaka umeshanasa.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko saruji. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na hakuna aliyeiba mwamba. Bao lisilohamishika ni jambo lililokwisha kujaribiwa. Lililobaki ni kulijenga lisigeuke kuwa mazalia ya mbu.

Ndiyo, mbu. Mwalimu, meza ya bao ni vibakuli 32 vilivyokaa wazi chini ya mvua, na viwili vya ghala, pa kuwekea kete ambazo hazijaingia mchezoni, juu yake. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Maji ya kifuniko cha chupa yanamtosha, na kwenye joto letu yai linakuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Dar es Salaam walipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ukijenga bao bila tundu la kutolea maji, umewajengea mbu nyumba za kupanga. Hivyo kila shimo liwe na tundu chini yake. Upana wa milimita 8 pale juu unatosha: komwe, ile mbegu inayotumika kama kete, lina sentimita moja na nusu hadi mbili, halipiti. Lakini tundu lililonyooka huziba kwa mchanga na majani baada ya mwezi. Siri yake ni kulifanya lipanuke kadiri linavyoshuka, milimita 8 juu, 15 chini. Uchafu ukishapita mlangoni haukwami tena.

Utalipataje tundu la namna hiyo? Kwa kumwaga meza kichwa chini. Tengenezeni kasha la mbao lenye sakafu ya plaiwudi laini, urefu sentimita 110, upana 50, kina 10. Juu ya sakafu hiyo mnapanga nusu-mipira ikiwa imetazama juu kama vichuguu, na zege linamwagwa juu yake. Likikauka mnaligeuza, uso unatoka laini kama kioo na mashimo yako tayari. Mipira ile ya plastiki ya watoto, yenye sentimita 7, ndiyo saizi yake. Inakatwa katikati, inajazwa saruji ili isibonyee, inafungwa kwa skrubu. Mashimo ni 32 lakini mawili ni nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, na nyumba ni ya mraba, kwa hiyo mashimo ya duara ni 30 na mipira mnayohitaji ni 15 tu. Nyumba zichongwe kwa mti, sentimita 8 kwa uso na zipungue hadi 6 kwa kina, la sivyo hazitachomoka. Kutoka kitovu cha shimo hadi kitovu cha jirani yake wekeni sentimita 9. Pande mbili za mwisho zinabaki na nafasi ya kutosha kwa shimo kubwa la ghala kila upande.

Kisha, kwenye kilele cha kila kichuguu toboeni kitundu na msimamishe kijiti kilichochongwa kama karoti, ncha ikiwa chini. Kipakeni mafuta ya kupikia. Oili chafu ya gari mafundi wengi huitumia, lakini hii ni meza ambayo mtoto ataramba kidole juu yake. Zege likianza kushika, baada ya saa mbili tatu kutegemea jua, anzeni kuvizungusha vijiti kimoja kimoja, kisha mvivute juu. Mkichelewa mpaka asubuhi mtavikata kwa patasi, na mtanikumbuka.

Zege lenyewe: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Kwa meza hii ni kama robo tatu ya ndoo ya lita 20 ya saruji, ndoo moja na nusu ya mchanga, ndoo mbili na robo ya kokoto. Chini ya nusu ya mfuko wa kilo 50 kwa uso wote wa meza. Kokoto ziwe ndogo, zisizozidi milimita 10, kwa sababu baina ya shimo na shimo pana sentimita mbili tu na kokoto kubwa itakwama hapo na kuacha pango. Nondo za milimita 8 zipite kati ya mistari ya mashimo, zisipite chini ya mashimo yenyewe, na ziwe sentimita 3 ndani kutoka kila upande. Mchanga usiwe wa ufukweni, na maji yasiwe ya bahari, hata kama bahari iko hatua 30 na bomba liko mbali. Chumvi hiyo italila chuma kutoka ndani, na miaka michache baadaye meza itapasuka kwa mistari ya kutu. Gongagongeni kasha kwa nyundo ya mbao wakati wa kumwaga ili hewa itoke. Kisha gunia bichi juu yake kwa siku saba, na gunia lisikauke hata siku moja. Wapangieni zamu ya kumwagia maji, pamoja na Jumapili.

Uzito utakuwa kilo 125 hivi. Kuigeuza si kazi ya wanafunzi wanne wenye mzaha. Tafuteni watu wazima sita, matairi mawili ya zamani ya kuilaza, na mtu mmoja wa kutoa amri. Wengine wote wakae kando. Miguu iwe minene, meza iwe na sentimita 80 kutoka ardhini, viti sentimita 45. Upande mmoja acheni bila kiti cha kudumu, chini yake pawe wazi sentimita 70, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie magoti yake akacheze kama mtu yeyote. Msisubiri aje aombe.

Sasa nikwambie kosa langu, ambalo ndilo sababu nimeyaeleza yote haya kwa kirefu. Meza yangu ya kwanza ya namna hii niliimwaga vizuri sana. Tundu zilitoka, uso uling'aa, nikaipaka nta, nikawaita wazee wa baraza waifungue. Mzee mmoja akaketi, akateka komwe kwa mkono, akaanza kupanga. Mkono ukasimama hewani. Akatazama meza, akatazama mkono wake wa kulia, akanitazama mimi. Akasema, "Fundi, nyumba yangu umempa nani?" Kwenye bao la Kiswahili, nyumba ni shimo la nne kutoka mkono wako wa kulia, mstari wa ndani. Unaweka kete sita ndani yake, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki ghalani. Mimi nilipanga nyumba sawasawa kabisa kwenye kasha. Nilisahau kwamba nitaligeuza. Kitu kilichomwagwa kichwa chini hutoka kama kilichotazamwa kwenye kioo: kulia kunakuwa kushoto. Mashimo ya duara hayakuonyesha kitu, lakini nyumba zote mbili zilikuwa zimehama. Wazee waliicheza hivyohivyo kama bao la kujifunza, komwe mbili kila shimo, 64 kwa jumla, mraba ukidharauliwa. Kila aliyepita aliuliza. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo.

Nimegundua baadaye kwamba ningeijaribu kwa chokaa, ningejua. Ningechora meza chini kama itakavyotoka kasha likishageuzwa, nikamwita yule mzee, angesimama kunitazama vilevile, ila ningefuta kwa ufagio.

Mengine ni mepesi. Kanuni za bao msiziandike kokote. Kunamua, mtaji, kutakasa, lini nyumba inalala na lini inasafiri: ukiyaandika kwenye bango yatachukua ukuta mzima na hakuna atakayesoma. Wenye kujua watawafundisha wasiojua, na huo ndio mchezo wenyewe. Kwa wanaoanza, maandishi mafupi ubavuni mwa meza yanatosha: kete mbili kila shimo.

Komwe zenyewe mnazipata bure ufukweni, mkomwe unaota hapohapo pwani, ila vaeni glavu, ganda lake lina miiba. Okoteni 200, msiokote 64. Zitapotea, hilo msilipiganie. Lakini hazifai kuachwa mezani usiku kucha: komwe ni saizi ya kukwama kooni kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na watoto wa umri huo huja bustanini na mama zao. Hapo ndipo muuza kahawa wenu wa alasiri anapoingia. Mwombeni aweke kopo la komwe na mfuko wa vizibo, atoe anapofika na akusanye anapoondoka. Atakubali, kwa sababu wacheza bao hunywa kahawa. Hata asipokuwepo, bao litachezwa kwa kokoto.

Kibali msikiache mwisho. Barua ya maneno kwamba mmepewa kona haitoshi siku ofisa mwingine akihamishiwa. Mchoro wenye vipimo, majina ya nani atafagia na nani atakagua, upite kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha halmashauri, na mrudi na nakala yenye muhuri. Ikae ofisini kwa mkuu wa shule, isikae nyumbani kwako.

Kwa muhula mmoja, ningepanga hivi: wiki ya kukaa na kutazama, wiki nne za chokaa, katikati yake barua na vibali, kisha mabamba kwanza ili mikono ya vijana ijifunze zege kwenye vitu vidogo, na meza mwisho. Zege hufikia nguvu yake ya kuhesabika siku ya 28, kwa hiyo ufunguzi usiwekwe wiki moja baada ya kumwaga kwa sababu mgeni rasmi ana nafasi siku hiyo.

Na siku ya kumwaga meza, kabla koleo la kwanza la zege halijaingia, muite binti mmoja na kijana mmoja, wakae pande mbili za kasha wakitazamana kama wachezaji, na kila mmoja ahesabu mashimo ya mstari wake wa ndani kutoka mkono wa kushoto. Kwenye kasha nyumba inatakiwa iwe ya nne kutoka kushoto. Wakiikuta ya nne kutoka kulia, simamisheni kazi, toeni skrubu nne, hamisheni.